Uboho wa Baba

Ngo, ngo, ngo. Kimya kidogo. Halafu pwa! Bado ninausikia mfupa wa ng'ombe ukigongwa kwenye ukingo wa sahani ya bati, na ile pwa ya uboho ukidondoka.

Nyumbani kwetu Kahama uboho ulikuwa wa baba. Haukugawanywa wala haukuombwa. Sisi tulikula nyama na kusikiliza.

Mdogo wangu, kitindamimba, alizaliwa mzima kabisa. Alipoanza kukaa mwenyewe ndipo maradhi yalipomzoea: masikio yanatoa usaha, kifua kinabana, anapewa dawa, anapona, tunashukuru Mungu, anaanza tena. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na ndoto zangu za unesi zilikuwa kubwa kuliko alama zangu. Basi nikapandishwa cheo, nikawa mbeba mtoto wa kwenda hospitali.

Siku moja daktari alitukalisha, mama na mimi. Alisema anashuku mtoto hana kingamwili, zile silaha za damu zinazopigana na vijidudu. Alizopewa na mama tumboni zimekwisha, na za kwake hazijatengenezwa. Askari wa kuzitengeneza huanzia ndani ya uboho wa mifupa, wakiwa chembe changa, na hukua kwa kupokea ujumbe kutoka kwa chembe za jirani: ongezeka, komaa, sasa toka ukafanye kazi. Ujumbe usipopokelewa, askari hawakui.

"Mpelekeni Mwanza akapimwe," alimaliza.

Katika maelezo yote hayo mama alirudi nyumbani na kitu kimoja: uboho.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, na jioni hiyo alikuwa amerudi kutoka machimboni. Mama alipomweleza, aliutazama mfupa wake kwa muda mrefu, kisha akausogeza mbele ya mtoto.

"Ale yeye. Askari wangu mimi wameshazeeka."

Mama alilia. Na mimi nililia. Kuanzia hapo baba aligonga, mtoto akala. Muuza nyama alituwekea miguu ya ng'ombe, akiwatangazia wateja kwamba kwetu linalelewa jeshi. Mtoto alinenepa, mashavu yakang'aa kwa mafuta, na masikio yakaendelea kutoa usaha. Jeshi lilikuwa linakula tu.

"Mama, na Mwanza je?" niliuliza.

"Umwambie baba yako uboho wake ni bure? Haya, nesi, kamwambie."

Nesi alikusanya vyombo, akaenda kuosha.

Kisha mtoto akashikwa na kifua kibaya, akalazwa, akawa anapumua kama anayepanda mlima. Homa ilipoanza kushuka, baba alikuja wodini na hotpoti.

"Mzee, shikamoo. Umebeba nini?" daktari aliuliza.

"Marahaba. Uboho. Si ulisema mwenyewe?"

"Wa ng'ombe?"

"Ulitaka wa nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akakohoa. Daktari hakucheka. Alimuuliza baba, akiwa chini ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, anajuaje wakati wa kutoka.

"Kamba. Walio juu wanaivuta, napanda."

"Na wa chini asipousikia mvuto?"

Baba aliweka hotpoti chini. "Huyo atabaki huko huko."

"Basi. Kwa mwanao kamba inavutwa vizuri. Nashuku askari wachanga ndio hawausikii mvuto. Hata ukiwateremshia sufuria nzima, hawatapanda. Mwanza wakithibitisha, atachomwa kingamwili za watu wengine, na atachomwa tena na tena, maisha yake yote."

"Yaya," baba alisema. Ni hapana ya Kisukuma, na kwetu ikishatoka haina mjadala. "Mwanangu hatabaki chini."

Siku zote zile tulimficha baba habari ya Mwanza ili tusimvunje moyo, kumbe alikuwa anangoja mtu amzungumzie kamba tu.

Daktari aliporuhusu safari, waliondoka na basi la asubuhi, baba akiwa amempakata mtoto, mama ameshika vitambaa vya kufutia masikio. Kupitia dirishani baba alinipa hotpoti. Alikuwa ameendelea kuleta mfupa, kwa mazoea.

"Rudisha nyumbani."

Nilirudisha. Nyumba ilikuwa tupu, na mfupa haukuwa na mwenyewe. Nilifunga mlango, nikavuta kigoda cha baba, nikaiweka sahani ya bati magotini.

Ngo, ngo, ngo. Nikangoja.