Simu Niliyoifunga Mwenyewe

Shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu ya Kilakala nimeijenga kwa kuuza ndizi za Mlali, tofali kwa tofali, bila mkono wa mtu. Mtaani kwetu mimi ndiye wa kwanza kuvuta simu ya mezani. Binti yangu alipomaliza kidato cha sita, nikanunua na kompyuta. Mwalimu mmoja wa chuo kule Mazimbu aliyeniuzia alisema ndani imewekwa programu ya Linux, haishikwi na virusi. Nikaipenda hapo hapo.

Ijumaa moja binti alirudi mbio kutoka duka la intaneti mjini. Chuo cha nje kimempa nafasi ya kusoma bure, ila wanataka jibu kwa barua pepe kabla ya saa kumi jioni, siku ile ile. Hajaanza hata kujibu, mwenye duka kafunga, kaenda msikitini.

"Nitarudi wakifungua, baba."

"Ukapange foleni, na kompyuta ipo sebuleni? Wewe mtoto wa nani?"

Kampuni ya intaneti tuliyojiunga nayo, ila hatujawahi kuitumia, ilikuwa Dar. Modemu, kile kidude kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, inaipigia kama mtu anavyopiga. Ikipokelewa, umeingia mtandaoni. Binti akafuata karatasi ya mwalimu, neno kwa neno. Kwanza Linux haikuiona modemu kabisa. Akahamishia waya tundu la nyuma, akaandika upya, ikaonekana. Nikapiga makofi. Modemu ikabonyeza namba, ikalia kidogo, ikanyamaza. Tena. Tena. Saa tisa ikapita.

"Umekosea namba wewe."

"Baba, namba ni hii hii. Hebu ipige kwa mkono."

Nikainua simu, nikapiga. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikaniambia kwa adabu kwamba laini hii imezuiwa kupiga simu za mikoani.

Hapo nikakumbuka. Wapwa na mashemeji walikuwa wakija kunisalimia, shikamoo haijapoa, wameshika simu wanaongea na Mwanza. Nikaenda mwenyewe kampuni ya simu, nikatia saini wafunge za mikoani. Hapa Morogoro ikawa inapiga vizuri tu, nami nikasahau. Nimejisifu kwa akili ile kijiweni mwezi mzima.

"Wanifungulie sasa hivi, naenda," nikasema.

"Baba. Ni saa kumi kasoro kumi."

Tulikodi teksi mpaka duka la intaneti. Tulipopata kiti, saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Binti akaandika haraka, hanitazami. Mimi nimesimama nyuma yake, mikono sijui niiweke wapi.

"Waambie kosa ni la baba yako. Andika hivyo hivyo."

"Nimeandika."

Kilikuwa Kiingereza kitupu, sikujua kama kweli kaandika. Akabonyeza, ikaenda. Tukabaki tunakitazama kioo, na hakuna jibu lililotoka chuoni.