Fahali Hatolewi

Sironka Tobiko hupanga fumbo lake kabla hata ya kunawa uso. Akirudi kutoka kreta, anakowatembeza watalii kutazama wanyama, gari likiwa jekundu kwa vumbi, huegesha kwenye yadi ya madereva pale Karatu, huweka ubao wa sataranji juu ya boneti lingali na joto, na kusimamisha kete chache tu, zile za mwisho wa mchezo, wakati wengi wameshakufa na kila aliyebaki ana kazi. Kisha huita. Madereva waliokosa wageni siku hiyo hujongea. Sheria ya yadi ni moja: anayeshindwa kufumbua anaosha gari la Sironka.

Hupenda mafumbo ya aina moja. Yupo askari mdogo aliyebakiza hatua moja kufika mstari wa mwisho, ambako askari hugeuka malkia. Ipo kete kubwa ya adui inayomziba. Na ipo dawa: utoe kete yako kubwa iliwe, ili mdogo apite. Clemensi, dereva wa Kiiraqw mwenye ulimi mwepesi, husema Sironka anacheza kama mtu aliyekosewa na zile kete. Clemensi ameliosha gari hilo mara nyingi kuliko mvua.

Sironka alizaliwa Kakesio, kijiji cha wafugaji, mtoto wa pili wa kiume wa mzee Tobiko. Enzi hizo serikali ilidai watoto wa shule, kila boma litoe mmoja, na wazee walikuwa na namna yao ya kuchagua. Mtoto mzuri, mwenye jicho la mifugo, alifichwa porini mpaka mwalimu aondoke. Aliyetolewa ni yule asiyefaa kwa ng'ombe. Tobiko alimficha Lengai, mkubwa. Sironka, mwenye kikohozi, aliyewahi kupoteza ndama mchana kweupe, alisimamishwa mbele ya mwalimu. Akamsikia baba yake akimwambia jirani kwamba hata fisi akimchukua huyu, boma halitajua. Mama yake alijifunika uso kwa shuka. Sironka alikuwa bado na meno ya utoto.

Fisi hakumchukua. Bweni lilimpiga, likampa Kiswahili, kisha Kiingereza. Akaosha magari ya watu, akapata leseni, akajifunza majina ya ndege. Mgeni mmoja alimwachia ule ubao badala ya bakshishi. Leo ana nyumba ya matofali kwenye mteremko wa kuelekea Rhotia, na wageni humwomba kwa jina. Kakesio hakurudi tangu walipomzika mama yake.

Kisha ukaja ukame uliolaza ng'ombe wa Tobiko mmoja mmoja, mpaka boma likabaki miiba mitupu iliyozungusha samadi kavu. Baada ya ng'ombe, yakafuata macho ya mzee. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umeyakwaruza miaka mingi. Sasa yakaanza kufunga. Siku moja ya mnada Lengai akashuka kwenye lori la mifugo, akimwongoza baba yake kwa fimbo, mmoja ameshika ncha hii, mwingine ncha ile, wakaulizia yadi ya madereva.

Lengai alieleza haja yake akiwa amesimama. Daktari wa macho amekubali kumtibu mzee, lakini ni matibabu ya kwenda na kurudi kwa majuma mengi, na Karatu hawana pa kulala. Wanaomba chumba kimoja. Asipotibiwa sasa, mwanga kidogo uliobaki utazimika.

 Sironka alimwelekeza mzee akae juu ya tairi bovu, akamgeuzia kaka yake ubao.

"Fumbua hili kwanza."

Akamfundisha kila kete inavyotembea, na Lengai akashika upesi. Mfalme mweusi alikuwa amejibanza kona, nyuma ya askari wake wawili. Ngome nyeusi ilisimama mbele ya askari mweupe, ikimziba hatua ya mwisho. Mweupe alikuwa bado na ngome yake moja, nzima. Lengai alitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta mnyama kwenye kundi la jirani. Kisha akairudisha ngome nyumbani, ikae nyuma ya askari mdogo. Alipopewa nafasi tena, akamsogeza mfalme mweupe naye karibu yao.

Madereva wakacheka. "Yero," Clemensi akasema, akimwita kijana kwa lugha ya kwao, "hapa si boma. Umewalaza wote ndani na jua bado lipo."

Sironka akarudisha kete mahali pake, akaonyesha. Akaisukuma ngome nyeupe mpaka mstari wa mwisho, ikasimama ubavuni mwa ile nyeusi, ikimtishia mfalme. Nyeusi haikuwa na hiari, ikaila. Askari mdogo, ambaye hula kwa upande, akaila ile iliyokula, akafika, akawa malkia. Mfalme kule kona hakuwa na pa kupumulia.

Lengai alitikisa kichwa. "Nani anampa simba fahali ili ndama avuke?"

"Si baba yako. Yeye alitoa ndama ili fahali abaki," Sironka akasema. "Haya, fahali. Ndoo ile pale."

Lengai alifunga shuka kiunoni akaanza kuosha. Maji mekundu yalitiririka hadi miguuni mwa mzee. Mzee akauliza ni nani anaosha. Lengai mwenyewe akasema ni yeye.

Hapo Sironka akachuchumaa mbele ya baba yake. Alisema chumba kipo, kitanda kipo, na hospitali atampeleka kwa gari lake mwenyewe. Anataka kitu kimoja. Mzee aseme mbele ya watu hawa kwamba siku ile alikosea.

Tobiko aligeuza uso kuelekea sauti. Machozi yalimtoka, lakini ni yale ya ugonjwa.

"Nilikutoa uliwe, hukuliwa," akasema. "Nikisema nilikosea, nitakuwa natamani ungebaki Kakesio, uvute mizoga kama huyu. Na sitakudanganya kwamba nilikupenda. Kikohozi chako kilinichosha."

Clemensi aliangalia viatu vyake. Sironka alisimama, akakung'uta magoti, akamwambia kaka yake kwa sauti, ili yadi yote isikie, kwamba kazi ya kuosha magari ipo na kitanda kipo. Ni vyake. Mzee atarudi na lori.

Mzee alidakia kabla Lengai hajafungua mdomo. "Baki. Nitoe mimi. Mimi sina tena maziwa wala kwato."

Lengai alikamua kitambaa, akakitandika juu ya kioo. Akaenda kwenye boneti. Akaziokota kete zote, nyeusi na nyeupe, pamoja na zile zilizoliwa, akazilaza kwenye sanduku la sataranji, akafunga kifuniko. Kisha akatia ncha ya fimbo mkononi mwa baba yake, wakaondoka taratibu kuelekea lilikoegeshwa lori. Gari lilibaki limeoshwa ubavu mmoja.

Clemensi akainua ndoo ili amalizie. Sironka akamwambia aiache.

Kesho yake alishuka kreta na wageni katika gari hilo hilo, upande mmoja mweupe, upande mmoja mwekundu. Walipomuuliza, akasema huku upepo una upande.

Mvua zilipoanza, dereva wa lori akaleta habari kwamba mzee Tobiko haoni tena, hata jua. Sironka alikuwa anapanga fumbo, lile lile. Akauliza nani anamwongoza. Akaambiwa Lengai, asubuhi na jioni, hata kwenda haja. Akaitikia kwa kichwa, akairudisha ngome nyeupe mahali pake, tayari kuliwa, akaita mtu wa kwanza.