Mateka wa Ndagoni

Mimi filamu za utekaji nazijua. Sisemi nimezitazama tu, nazijua. Kabla sijaoa, kila Ijumaa nikishafunga karakana yangu ya mashine za boti pale Kilindoni, nilikuwa naingia banda la video la jirani na kukaa mbele kabisa, kwenye benchi lenye mguu mbovu. Mwenye banda alikuwa anatutafsiria kwa kipaza sauti, na nadhani nusu ya maneno alikuwa anayatunga mwenyewe. Haidhuru. Benki imetekwa, ndege imetekwa, basi la wanafunzi limetekwa, na nje yupo mtu mmoja hana hata bunduki, ana simu na maneno yake. Mpatanishi. Huyo ndiye niliyekuwa namhusudu.

Kanuni zake nilizihifadhi kama sura fupi za chuo cha Kurani. Usikubali haraka. Toa kidogo kidogo. Vuta muda mpaka wachoke. Na kabla hujatoa kitu cha maana, taka usikie sauti ya mateka. Askari akivamia mlango kwa pupa, nilikuwa namfokea palepale bandani, we mjinga, ongea nao kwanza.

Basi nikaposa Ndagoni, kijiji kingine cha kisiwa chetu, nikakubaliwa. Siku ya harusi, tulipokwisha kufunga ndoa msikitini, ikabaki kwenda nyumbani kwao kumpa mkono mke wangu. Sasa kwetu mlango wa chumba cha bibi harusi haufunguki hivi hivi. Wanawake wa kwao wanauziba, na bwana harusi lazima awaridhishe ndipo apite. Mama alinifungia kila kitu kwenye mkoba: doti nne za kanga, chupa ya marashi, na halua. Akaniambia nikifika niukabidhi mkoba wote, nitabasamu, ninyamaze. Hilo la kunyamaza alilirudia mara tatu, maana ananijua.

Nikafika. Mlangoni wamejipanga wanawake wanne wamefunga mikono kifuani, na mbele yao shangazi wa mke wangu, mama mfupi asiyepepesa macho. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akasema chumba hakiingiliki. Wallahi, nilifurahi. Watekaji watano, mlango mmoja, mateka ndani. Kumbe miaka yote ile benchini nilikuwa nasomea siku hii.

Nikafungua mkoba kidogo, nikatoa doti moja. Moja tu. Nikamwambia shangazi tuanze na hiyo, mengine tutazungumza. Wanawake wakatazamana. Rafiki yangu aliyenisindikiza akanivuta joho, nikautoa mkono wake. Shangazi akauliza, kwa upole kabisa, hizo zilizobaki mkobani ni za nani. Nikasema ni zao, ila zitatoka kwa awamu. Vigelegele vikakatika uani. Nikadhani wameanza kulegea, kwa sababu kwenye filamu wakinyamaza ndiyo dalili.

Jasho linanitiririka chini ya kilemba, nikaitoa kanuni ya mwisho.

"Kabla sijatoa kitu kingine," nikasema, "nataka nisikie sauti yake."

Shangazi akanitazama kama ninavyoitazama mimi mashine iliyoingia maji ya chumvi.

"Unataka uhakikishe yupo?"

"Ndiyo, shangazi."

Rafiki yangu akajifunika uso kwa kiganja. Mpaka leo najiuliza akili yangu ilikuwa imekwenda wapi. Mlango ule hauna bei. Ndiyo maana mkoba unatolewa mzima: mwanamume akianza kugawagawa doti, anamwambia mwenzake, na ukoo mzima umesimama unasikia, kwamba bado anapima kama bibi harusi anafaa. Kila mtu kisiwani analijua hilo. Hata mimi nilikuwa nalijua, nikalisahau kwa ujuaji wangu.

Shangazi akasogea pembeni, si kunipisha, ila sauti ipate kupita.

"Nipo," mke wangu akasema kutoka ndani, taratibu, bila hasira, na kule kukosa hasira ndiko kulikonimaliza. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nakusubiri. Wewe ndiye bado hujafika."

Jamani. Aibu niliyoiona siku ile siwezi kuisimulia yote. Nikaogopa kwamba mlango ukifunguliwa nitamkuta mtu aliyekwishanichoka kabla hatujaketi pamoja hata dakika moja.

Nikauweka mkoba wote miguuni pa shangazi. Nikavua saa, nikaiweka juu yake. Nikavua na viatu, sijui kwa nini, navyo nikaviweka. Viatu shangazi alinirudishia, saa hakurudisha. Kisha akafungua mlango.

Mke wangu hakuinua macho. Nikanyoosha mkono, akauacha unaning'inia mpaka bega likaniuma. Mpatanishi yeyote angejifunza kitu pale kuhusu kuvuta muda. Halafu akaushika.

Siku hizi tuna televisheni yetu. Saa yangu naiona kila Idi mkononi mwa shangazi, na inakwenda vizuri tu. Filamu zenyewe bado nazipenda. Mke wangu hazitazami, anaendelea na shughuli zake jikoni, lakini masikio anayo. Kila mpatanishi anaposhika simu na kutaka asikie sauti ya mateka, jibu linatoka huko ndani.

"Nipo."

Nazima televisheni, naenda kukuna nazi.