Viti Vilivyomsubiri Mgeni

Kwa miaka tisa Rukiyo Abdiwahab alikuwa akifanya kazi ambayo watu wa kwao hawakuiona kama kazi. Aliwafundisha watoto wenye ulemavu kukaa, kushika kikombe, kujivalisha. "Daktari wa kucheza," walimtania sokoni, naye alicheka nao, maana hasira yake alikuwa amewawekea watu wengine.

Hao wengine ndio walioshika funguo. Mwezi wa Rajab lori lilishusha viti ishirini vya magurudumu kwenye kituo chake cha afya, pembeni mwa barabara ya kwenda Habaswein. Vilikuwa msaada kwa watoto wake. Msimamizi wa kituo, Gelle, akavifungia stoo siku hiyo hiyo.

"Abaayo, dada yangu, subira," alimwambia. "Mgeni rasmi bado hajapanga tarehe ya kuvikabidhi."

"Na mgongo wa mtoto nao unangoja tarehe, Gelle?"

Mtoto mwenyewe aliitwa Idman, wa miaka mitano, mwenye ulimi mkali kuliko wa bibi yake na misuli iliyozidi kulegea kila mwezi. Alizaliwa na maradhi hayo; baba na mama walimrithisha bila kujua, wala wao hawakuugua hata siku moja. Asipoegemezwa sawasawa aliangukia upande kama gunia lililojaa nusu, uji ukapita njia ya pumzi, kifua kikajaa. Kifua hicho kilikuwa kimemlaza wodini mara mbili mwaka huo, na Rukiyo aliiogopa mara ya tatu.

Rajab ikaisha, Shaaban ikaisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji aliambiwa asithubutu kupona mpaka mgeni apate nafasi!

Basi Rukiyo akaenda kwa Ugbad, mama yake Idman, ambaye kama wanawake wengi wa wafugaji alijijengea nyumba kwa mikono yake, kwa mizizi ya mgunga iliyopindwa. Anayejua kupinda mzizi ukawa nyumba atashindwaje kuupinda ukawa kiti? Rukiyo akapima kiuno, paja, na urefu wa mgongo hadi shingoni. Ugbad akapinda, akafunga kwa ngozi ya ngamia, akatandika kipande cha mkeka. Siku ya nne Idman alikaa wima, akamaliza bakuli zima la uji bila kukohoa, kisha akauliza kwa nini haukutiwa sukari ya kutosha.

Mgeni alikuja baada ya Idd. Mahema, zulia, hotuba juu ya hotuba. Stoo ikafunguliwa, na viti vyote, kila kimoja, vilikuwa vya watu wazima. Vingefunguliwa Rajab, si vingekuwa vimekwisha kubadilishwa? Lakini nani alijali? Gelle alipomwona Idman kwenye kiti chake cha mizizi, uso ulimwiva.

"Mtoeni humo. Kinatuaibisha."

Wakamtoa. Wakamketisha kwenye kiti kipya mbele ya kamera, akazama humo, miguu ikining'inia, kidevu kikilala kifuani.

"Mwinueni kichwa kidogo," mpiga picha akasema.

Wakakiinua, kikaanguka. Wakakiinua tena. Midomo ya Idman ikaanza kubadilika rangi, na nyuma ya kamba ya wageni Ugbad akapiga ukelele. Rukiyo akapita katikati ya hotuba, akamnyakua mtoto, akamlaza ubavu juu ya zulia hadi mate yakatoka na pumzi ikarudi. Halafu akamrudisha kwenye kiti cha mama yake na kumfunga mkanda taratibu, mgeni rasmi akimtazama. Picha hiyo hakuna aliyeipiga.

Wiki hiyo hiyo alipokea barua: ajieleze kwa maandishi, kwa nini aliwavunjia wageni heshima. Viti vilikuwa vimekwisha kurudishwa stoo na kufungiwa. Rukiyo akachukua kalamu, akajibu bila salamu:

"Mtoto alikuwa anashindwa kupumua. Nyote mlikuwa mkimtazama."