Mazoezi ya Kunyamaza

Bosi wa mume wangu kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alipohamishwa, alimwachia fimbo yake moja ya gofu, na amani yangu ikaishia hapo. Mzee wangu alipostaafu udereva wa hapo kambini akatangaza kwamba tutakwenda kupumzika Unguja, kwenye hoteli yenye uwanja wa gofu. Sharti lilikuwa moja: akitaka kupiga mpira, mimi ninyamaze, maana ndivyo wanavyofanya wenye mchezo wao.

Basi kila jioni tukawa tunafanya mazoezi kwenye shamba letu la maharage, likiwa limeshavunwa. Anainama, anainua fimbo, nami naropoka, "Pole na kazi!" Mpira unaishia kwenye migomba. Ananifokea, namfokea. Mimi nimelelewa kijijini Kitanga bwana. Mtu ameinamia udongo na mpini mkononi, unampitaje kimya kama mchawi?

Jioni moja nikauma meno, sikutoa hata pumzi. Mpira ukaruka vizuri ajabu, ukavuka shamba lote. Nikasubiri anisifu. Mzee akageuka, amenyong'onyea kama mtoto aliyesahaulika sokoni.

"Yaani leo hata pole hunipi?"