Breki za Pikapu ya Mjane

Mjane wa shemeji yangu alifika kwetu Kibeta Jumamosi asubuhi akiendesha pikapu ya marehemu kwa gia ndogo, maana breki zilikuwa zimekufa. Ugonjwa ulikuwa umemchukua mumewe kabla ya msimu wa kahawa. Ukoo ulikwisha kukaa ukaamua, kama ilivyokuwa desturi, kwamba mdogo wa marehemu amtazame mjane. Mdogo huyo alikuwa mume wangu. Hakuna aliyenieleza kumtazama maana yake nini, nami sikuuliza.

Mume wangu alijifunza ufundi jeshini, wakati wa vita vya Uganda. Alikuwa amepata masta silinda, kile kifaa kinachosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, kutoka kwenye pikapu nyingine iliyokufa. Alifungua kibovu pale uani, pembeni mwa kibanja chetu cha migomba, huku akiimba kwa sauti ya chini. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akiimba.

Mimi nilikuwa namenya ndizi. Mjane alimshikia spana, naye akawa anamweleza kila kifaa kinaitwaje na kinafanya nini. Mimi hakuwahi kunieleza hata spana namba ngapi. Kisu changu kilikuwa kinakata ndizi pamoja na maganda.

Kifaa kipya kilipokaa, ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Mmoja akanyage pedali, mwingine alale kwenye gurudumu afungue nati.

“Shemeji, panda ukanyage,” mume wangu alimwambia mjane.

“Mimi nipo,” nikasema.

“Wewe una ndizi.”

Mjane akapanda. “Kanyaga,” mume wangu akasema. “Nimekanyaga.” “Shikilia.” “Nimeshika.” “Haya, achia.” Wakaendelea hivyo, gurudumu la kwanza, la pili, kwa sauti za watu waliozoeana. Niliweka kisu chini, nikaenda mlangoni mwa gari.

“Shuka, dada. Nitakanyaga mimi.”

Alishuka, nikapanda. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, nikaachia kabla nati haijafungwa. Upepo ukaingia tena.

“Umetuharibia,” mume wangu alisema, akainuka kwenda dukani kutafuta mafuta mengine ya breki.

Mjane akaja dirishani. “Mdogo wangu, mimi sirithiwi,” alisema. “Ugonjwa uliomuua mume wangu huenda ninao. Siwezi kuuleta nyumbani kwako. Nataka breki zishike tu, niwachukue wanangu nirudi kwa mama yangu kule Nshamba.”

Nikauliza, “Yeye umemwambia?”

“Tangu siku ya kikao. Hakukwambia?”

Hakuniambia. Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru kweli, lakini kilichoniuma ni kwamba walikuwa na jambo lao wawili, wamelitunza siku zote hizo mimi nikikosa usingizi.

Breki zilishika kabla ya jioni. Aliondoka, na mume wangu akabaki kusimama barabarani, mikono imejaa mafuta. Nilimwita kula. Akasema anakuja. Ndizi zikapoa.

Yule dada aliishi Nshamba miaka kadhaa, akibeba kahawa ya watu wa Buganguzi kwa pikapu ile. Mara kwa mara mume wangu alisema anakwenda kumwangalizia breki. Sikumkataza hata mara moja. Nilivaa viatu, nikaenda naye.