Sweta za Bungoma

Kila nikipanda Kitale kuna mtu ataniuliza kama joto la Bungoma linavumilika. Mara nyingi ni mtu aliyekaribia kustaafu. Magoti yameanza kumsumbua, na amesikia kwamba huko chini ploti bado zinapatikana na mtu anaoga maji baridi mwaka mzima. Anataka nimtajie mazuri na mabaya, akayapime mwenyewe. Zamani nilikuwa najibu kwa mkato, maana mimi sina subira na maswali ya namna hiyo. Siku hizi namwambia avute kiti, kwa sababu jibu langu ni habari ya mama yangu, na siwezi kuieleza nikiwa nimesimama njiani.

Mimi nilihamia Bungoma kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini Kitale, na mwenye duka alipofungua tawi Bungoma akaniambia nikalisimamie. Nikapanga nyumba nje kidogo ya mji, kule ambako mashamba ya miwa yanaendelea kukatwakatwa ploti. Paa lilikuwa la mabati, dari hakuna. Mwanzoni nililala sakafuni kwa sababu godoro lilinichoma mgongo. Maziwa niliyonunua asubuhi yaliganda kabla sijala cha mchana, nami nimekulia kwenye nyumba ambako maziwa ya jioni hunywewa kesho yake bila wasiwasi. Mkate ulishika kuvu. Unga ukaingia wadudu. Mvua iliponyesha nguo zilikaa kwenye kamba hadi zikanuka, na vipele vya joto vikanitoka shingoni utadhani mimi ni mtoto mchanga. Nilimpigia kaka yangu simu nikamwambia kwamba mahali hapa Mungu alipaumba akiwa na haraka.

Kaka alicheka sana. Yeye ndiye aliyebaki kwenye shamba la wazazi wetu nje ya Kitale, na ndiye aliyekuwa akikaa na mama. Wazazi wetu walitoka huko katikati mwa Kenya wakiwa vijana, wakaja Trans-Nzoia kulima mahindi, na baba tayari alikuwa amezikwa pale pale shambani. Mama alikuwa hai, lakini mikono yake ilikuwa imefungika. Sisemi kwa mafumbo. Ugonjwa wa viungo ulimkunja vidole kidogo kidogo mpaka vikabaki ngumi, na kila mwezi wa saba, baridi ya mlimani ikishuka, ngumi zile zilikaza zaidi. Mwanamke aliyekuwa akikamua ng'ombe kabla jua halijatoka sasa alilishwa uji kwa kijiko na mke wa kaka. Alilishwa kwa upendo, sina la kulaumu hapo. Lakini kila asubuhi alifungwa vifungo vya blauzi na mtu mwingine, naye alikuwa akitazama ukuta mpaka kazi ile iishe.

Daktari alisema baridi haimsaidii. Nikasema nitamchukua. Kaka hakutaka hata kusikia.

"Huko si ni mbu tu?" akasema. "Mtu mzee unampeleka kwa joto kufanya nini?"

Tulibishana mbele yake, kila mmoja akijifanya ndiye anayempenda zaidi, hadi mama mwenyewe aliposema, "Nitaenda nione. Ama mnataka mnizike kwanza ndio mmalize kubishana?"

Joto lilimkera kuliko lilivyonikera mimi. Aliniambia jua la huku halina adabu, linaingia hadi chumba cha kulala bila kubisha hodi. Kila siku aliniuliza kama leo kutapoa, na kila siku nilimwambia labda jioni. Alikula kidogo. Nilianza kufikiria namna ya kumrudisha bila kumpa kaka nafasi ya kusema, "Si nilikuambia?"

Kisha asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni, blauzi imefungwa. Vifungo viwili vilikuwa vimekosea matundu yake, kola imepinda upande, lakini alikuwa ameifunga mwenyewe. Alinyoosha mikono mbele yangu, akavifungua vidole polepole, akavifunga, akavifungua tena.

"Hii mikono imefunguka," akasema.

Niliingia jikoni nikajifanya natafuta sukari. Nililia pale kwa furaha, na sioni aibu kusema hivyo.

Hazikupita siku nyingi akaniagiza nyuzi na sindano za kufuma. Nilidhani anatania. Mama alikuwa fundi wa sweta tangu ujana wake, sisi tulikwenda shule tumevaa kazi ya mikono yake, lakini alikuwa ameacha kufuma tangu vidole vilipokunjika. Na hapa tulipokuwa, sweta ni ya nini? Lakini nilinunua. Akaanza kufuma barazani, jasho likimtiririka kwenye panja za uso, nyuzi za sufu zimemjaa mapajani, na wapita njia wakisimama kumtazama.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kibukusu aliyekuwa akiuza karanga sokoni, alimpenda mama kuanzia siku ile. Alimwita Kukhu, yaani nyanya.

"Kukhu, hii sweta ni ya nani bana?" alimuuliza. "Huku hata kuku anatafuta kivuli!"

"Ni ya watu wa kwetu," mama akamjibu. "Hao wanakaa kwa friji."

Walicheka wote wawili, na tangu hapo jirani akawa anakuja kila jioni na kigoda chake. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda Bungoma, bila kutaka. Kwetu Kitale jua likielekea kutua kila mtu anafunga mlango wake na kukumbatia jiko lake. Unaweza kukaa wiki nzima hujasikia sauti ya jirani. Huku chini nyumba za mabati zinawatoa watu nje kwa lazima. Wanawake wanachambua mboga barazani, watoto wanaoga kwenye karai, mtu anamtania mwenzake kutoka ng'ambo ya njia. Mama aliyekuwa amezoea kuzungumza na ukuta alipata watu. Alijifunza salamu za Kibukusu akawa anazitamka vibaya kwa makusudi ili wamcheke.

Sweta ya kwanza ilikuwa ya kaka, ya rangi ya buluu. Kisha alipanga kumfumia mke wa kaka, wajukuu, hata mzee aliyekuwa akichukua maziwa pale shambani kwa baiskeli. Mimi nilimuuliza yangu iko wapi.

"Wewe ni wa mwisho," akasema. "Wewe umeshapata joto la bure."

Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu. Mbu wa Bungoma walikuwa wakitoka saa ile ile mama aliyoipenda, saa ya kukaa nje. Nilimnunulia neti, akalala ndani yake akinung'unika kwamba inamnyima hewa. Lakini baraza halina neti.

Siku moja ya Jumapili, jua limewaka vizuri, mama alitoka chumbani amevaa ile sweta ya kaka. Alikuwa ameimaliza na haijatumwa bado. Ilimfika karibu na magoti.

"Leo kumepoa," akasema. Uso wake ulikuwa umechangamka kweli. "Leo ni kama nyumbani."

Mimi nilikuwa nimelowa jasho, lakini nilivyofurahi sikujiuliza chochote. Miezi yote ile alikuwa akinililia joto, na leo amestarehe. Nikawasha jiko nikalisogeza miguuni pake, nikampikia chai ya tangawizi, nikamfunika blanketi mabegani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kitale mtu akitetemeka anapewa jiko, chai na blanketi, na hakuna anayemuuliza swali zaidi. Mama alishika kikombe kwa mikono yote miwili akaniambia habari za baba, jinsi walivyofika Trans-Nzoia mara ya kwanza wakakuta umande mweupe kwenye nyasi. Ilikuwa mojawapo ya asubuhi nzuri zaidi nilizopata kukaa naye.

Jirani alipita akijipepea kwa kanga. Aliona jiko, akaona sweta, akaacha kujipepea.

"Kukhu anasikia baridi tangu saa ngapi?"

"Tangu aamke," nikasema. "Hata amefurahi."

"Dada, huku kwetu hakuna baridi," akasema. "Hiyo ni malaria. Tafuta gari."

Tulipofika hospitalini mama hakunitambua tena. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Walimtundikia maji na dawa, na nilikaa pembeni nikitazama vidole vyake vilivyolala wazi juu ya shuka, nikiomba maombi yasiyo na mpangilio. Alipona, ingawa polepole. Daktari alinieleza kwamba mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye baridi mwili wake haujaizoea malaria kama miili ya wenyeji, na kwa umri wake huenda mara nyingine asipone.

Kaka alishuka kutoka Kitale siku moja baada ya mama kuruhusiwa kurudi kwangu. Hakuketi.

"Mama anarudi nyumbani," akasema.

Sikumpinga. Nilikuwa tayari nimeanza kukunja nguo za mama. Lakini mama alijiinua kitandani akatuambia tufunge mlango.

"Huko juu nilikuwa nimekufa mikono," akasema. "Mlinilisha, mlinivalisha, Mungu awabariki. Hakuna mtu aliniuliza kama hiyo ni kuishi. Hapa nashika kikombe. Nashika sindano. Nikienda choo najifunga mwenyewe. Nikifa na mikono yangu, nitakuwa nimekufa mtu mzima. Mnizike kule kwa baba yenu. Lakini sirudi."

Kaka alilia. Kisha akanivuta nje, akaniambia kitu ambacho sitakisahau: "Mama akifia huku, ujue ni wewe umemuua." Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, kama mtu anayekueleza njia, na ndiyo maana iliniingia.

Nilifanya niliyoweza. Niliweka wavu madirishani, nikampaka mafuta ya kufukuza mbu, nikafyeka nyasi hadi kwenye ua wa jirani. Nilimwomba awe anaingia ndani mapema. Alikuwa anakubali kwa mdomo, kisha jirani anafika na kigoda chake, na naye anasema, "Dakika moja tu." Ningemfungia? Wakati mwingine nilimkaripia kama mtoto. Wakati mwingine nilimwona anavyocheka na sindano zake zinavyokwenda mbio, nikanyamaza. Sweta zilimalizika moja baada ya nyingine, nikazipakia kwenye gari la Kitale. Kaka alipokea zote. Hakuwa akinipigia simu, mke wake ndiye aliyekuwa akisema asante.

Malaria ilirudi mwaka uliofuata, mvua zikielekea kuisha. Safari hii nilimpeleka siku ile ile, kabla hajamaliza kuniambia kwamba anasikia baridi. Haikusaidia. Aliondoka asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na hadi mwisho vidole vyake vilikuwa vikijibu nikivibana.

Tulimpandisha Kitale kupitia Webuye. Jirani yetu alikuja nasi, na alipoanza kutetemeka njiani, tulipokaribia Kiminini, nilimpa leso yangu ajifunike. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau koti. Nilikuwa nimekaa Bungoma muda mrefu, nikasahau kwetu kulivyo.

Ilikuwa mwezi wa saba na kulikuwa na manyunyu. Nilisimama upande mmoja wa kaburi, kaka upande wa pili, na bado hatukuwa tumesalimiana vizuri. Nilikuwa nikingoja maneno yale ayarudie mbele ya watu, na nilikuwa nimeshaamua sitajitetea. Je, nilimuua? Sijui. Nimelizungusha swali hilo mara nyingi na hadi leo sina jibu la kumpa anayetaka kuhama.

Mchungaji aliposema tuiname, niliinua macho. Mke wa kaka alikuwa amevaa sweta ya maruni. Wajukuu walikuwa wamevaa za manjano, mmoja imeshaanza kumbana. Mzee wa maziwa alikuwa na ya kijivu chini ya koti lake. Hawakuwa wamepanga. Ilikuwa baridi tu, na kila mtu alikuwa amevaa kitu kizito alichokuwa nacho. Yangu ilikuwa Bungoma ndani ya mfuko wa plastiki, ya kijani, mgongo umekamilika na mkono mmoja, sindano bado ziko ndani yake.

Meno yangu yalianza kugongana. Kaka alizunguka kaburi akaja upande wangu.

"Unatetemeka," akasema. "Ni malaria?"

"Hapana. Ni baridi tu."

Kisha akaivua ile sweta ya buluu, ileile mama aliyoivaa siku aliyosema kumepoa, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Akanivalisha kupitia kichwani mbele ya watu wote. Akanishika mkono, tukasimama upande mmoja hadi udongo ukaisha.